Safu ya Lugha: Kusafisha si kuosha

Mafundi wetu wa picha walilichukua neno “kusafisha” wakalipa kazi ya pekee: kuitoa kwa dawa picha iliyojificha kwenye filamu. Siku hizi wengi huandika “kuosha filamu” wakidhani ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Kopi ya sinema ya nyeusi na nyeupe huanza kuchovywa katika dawa inayogeuza chumvi za fedha zilizopigwa mwanga kuwa fedha halisi, nayo huonekana nyeusi. Huko ndiko kusafisha. Dawa ya pili, iitwayo “haipo” (kwa Kiingereza hypo), huondoa chumvi ambazo mwanga haukuzigusa. Kuosha huja baadaye, kwa maji yanayopita, ili hiyo “haipo” yenyewe itoke. Ikibaki, picha hugeuka manjano na kufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Atasema mtu kwamba fundi ataelewa tu. Ataelewa anayeijua kazi, lakini maelekezo huandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, na huyo akiambiwa “osha” atatumia maji matupu, asipate picha yoyote. Na kopi ya zamani iliyoshika vumbi? Hiyo haisafishwi wala haioshwi, tuseme inapanguswa.