Muini Amani Hana Kibanda

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu husimuliwa habari za Mzee Yohani Kinyala Lauwo, mara nyingi kabla hajavuka geti. Kwamba mwaka 1889, akiwa kijana, alimfikisha Mjerumani Hans Meyer kileleni. Kwamba aliongoza wageni kwa miongo mingi. Kwamba alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 125. Mwaka 1989, mlima ulipoadhimisha miaka 100 tangu safari ile, mzee alienziwa kama shahidi wa mwisho aliye hai. Tangu hapo habari hiyo imenakiliwa toka kitabu hadi kitabu, na wanakili hawakujisumbua kupiga hesabu.

Sina ugomvi na marehemu. Kwamba alikuwa mwongozaji hodari, Marangu nzima inajua. Lakini binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote, kwa umri uliothibitishwa na nyaraka, ni Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Hadithi yetu inamzidi miaka mitatu, bila cheti wala daftari la ubatizo lililowekwa mezani. Na kuna kizito zaidi ya umri: kitabu cha Meyer mwenyewe. Mjerumani yule alikuwa na makuu yake, ila alikuwa mwandikaji. Lauwo hayumo. Waliosimama ukingoni mwa kreta na kisha kileleni, tarehe 6 Oktoba, anawataja wawili tu: yeye na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria.

Aliyemo kitabuni ni Muini Amani, mtu wa Pangani. Wapagazi wengine walibaki kambi za chini, wakipokezana kupandisha chakula na kuni; yeye alikaa na wazungu wale wawili katika hema lililopigwa kwenye tandiko la mlima, kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Wenzake walipoagana na theluji wakapiga mbio kurudi msituni, huyu alibaki kulinda hema na kuwasubiri. Hebu mtu wa pwani afikirie: kutoka kwenye minazi ya mto Pangani hadi mahali ambapo maji huganda ndani ya kibuyu, bila jaketi wala buti za leo. Nijuavyo, katika maandishi yote ya mlima ule huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kutajwa kwa jina kuwa alilala juu huko siku kwa siku. Leo ukiuliza habari zake njiani utatazamwa kama uliyepotea.

Majina ya malazi ya njia hiyo nayo yana kisa chake. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walijenga vibanda viwili. Cha chini, kwenye mita 2,700 na ushei, wakakiita Bismarck. Cha juu, mita 3,720, wakakiita Peters. Huyu ni Carl Peters, aliyewekwa Marangu mwaka 1891 awe mkubwa wa Kilimanjaro, na ambaye alimnyonga mtumishi wake Mabruk, kisha akamnyonga binti aitwaye Jagodja. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa vitendo hivyo. Wakoloni wenzake, wakijua yote hayo, walimpa kibanda juu ya kijiji kilekile alikonyongea watu, na Waingereza waliokuja baada yao wakaendelea kulala humo na kuliandika jina hilo kwenye ramani bila kukunja uso.

Baadaye Bismarck akawa Mandara na Peters akawa Horombo. Vizuri. Horombo, au Orombo, ni yule mtawala wa Keni huko Rombo aliyejenga ngome za mawe. Ukubwa wake haubishaniwi. Mandara ndiye Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi, aliyetia saini mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Nashangaa kidogo kwamba vibanda viko Marangu lakini Mangi Marealle, aliyempokea Meyer na kumpa mahali pa kupumzisha msafara, hakupata chochote. Lakini hilo ni jambo dogo. Panda hadi ukingo wa kreta ukatazame ramani: karibu na kituo cha Gillman pana mwanya uitwao Johannes mpaka leo. Huyu ni kapteni wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa kituo cha Moshi wakati Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliponyongwa pamoja na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Baba tumempa kibanda chini. Mnyongaji wa mwanawe tumemwachia ukingo wa kreta.

Ya baadaye nayapitia haraka. Kilele kikaitwa Uhuru mwaka 1961. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa mwaka 1977, ikaingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Vibanda vya sasa, vyenye paa linaloshuka karibu na ardhi, vilijengwa kwa msaada wa Norway. Mwaka 2022 intaneti ikafika Horombo.

Hatari za mlima hazijabadilika sana tangu siku za lile hema. Hewa nyepesi humlegeza mwenye kifua kipana sawa na mwembamba. Maji yakiingia mapafuni au ubongo ukivimba, dawa ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo. Ndiyo maana wenye busara hulala Horombo usiku wa pili kabla ya kwenda kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700, mahali ambapo hakuna mtu apataye usingizi wa maana. Upande wa magharibi mawe huanguka: Januari 2006 yaliua Wamarekani watatu na njia ya upande huo ikafungwa kwa muda. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ikasema chanzo ni watu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Na kwenye hatari zote hizo swali ni lilelile: nani analala wapi? Mgeni ana kitanda na godoro. Mpagazi, ambaye kwa sheria mzigo wake usizidi kilo 20, hulala palipobaki, kwa nguo alizonazo. Wapagazi wamekufa kwa baridi kwenye mlima huu, na vifo vyao havijadiliwi mezani kama vya wageni.

Ombi langu kwa KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hii, halina gharama kubwa. Pale Horombo wekeni ubao unaosema wazi kibanda hiki kiliitwaje, Peters alifanya nini Marangu, na Mabruk na Jagodja walikuwa nani. Mwanya wa Johannes upewe jina la Meli. Na bweni jipya la wapagazi litakapojengwa, lenye vitanda na blanketi, liitwe Muini Amani.