Sindano ya Mgongo: Hofu na Historia Yake

Huko Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma, nilimsikia mama mjamzito akiapa kwamba heri afe kuliko kudungwa sindano ya mgongo. Jirani yake alijifungua kwa upasuaji, na tangu siku hiyo, alisema, mgongo haujapona.

Sikumcheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sindano hii imewahi kuuma.

Ganzi ya mgongoni ilianza mwaka 1898 mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alipotumia kokaini. Mwaka 1947, katika hospitali moja ya Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili, Woolley na Roe, walipooza miguu baada ya kudungwa siku moja. Mahakamani ilielezwa kuwa vichupa vya dawa vilikuwa na nyufa zisizoonekana, zikapenyeza fenoli, dawa ya kuulia vijidudu ambamo vililowekwa. Mwaka 1954 walishindwa rufaa, kwani wakati wa ajali hatari hiyo haikujulikana. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa Uingereza waliikwepa sindano hiyo.

Kisha ikabainika kwamba hata dawa safi yaweza kudhuru. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa wanne walioharibika mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo. Dawa kali, hasa lignokaini ya asilimia 5, ilikuwa imepitishwa kwenye mirija, ikaongezwa tena na tena, ikatuama mahali pamoja. Mwaka 1992 mirija myembamba mno ikaondolewa sokoni huko.

Kutokana na makosa hayo tumejifunza. Leo wajawazito hupewa zaidi bupivakaini, kiasi kidogo, mara moja. Madhara ya kudumu ni nadra sana. Maumivu ya mgongo huwapata hata wazazi wengi wasiowahi kudungwa. Lakini uchungu uliokwama, bila upasuaji, huua mama na mtoto.

Ganzi huisha baada ya saa chache. Miguu ikikawia kurudi, au haja ndogo ikigoma, mwite mhudumu saa ile ile, usingoje kesho.

Nanyi wahudumu, someni kichupa kabla ya kuvuta dawa, na mzungumzeni mama kabla ya kumdunga. Yule wa Nyabibuye si mjinga. Hakuna aliyeketi naye akamweleza.