Masafa Yanatosha, Simu Iachwe Ihame

Kila mitandao ya simu ikielemewa, tunaambiwa masafa ni machache. Masafa ndiyo njia ya hewani wanayopita mawimbi ya simu. Nimefuatilia historia yake, na ninachokiona mimi ni hiki: masafa yaliongezeka manufaa kila simu iliporuhusiwa kuhama.

Twende Marekani, mji wa St. Louis, Juni 1946. AT&T inazindua simu za kwenye magari. Mji mzima unategemea njia chache tu za hewani. Wachache wakiongea, wengine wote wasubiri!

Mwaka 1947 Douglas Ring wa Bell Labs akaandika waraka: tuugawe mji vipande vidogo, kila kipande kiwe na mnara wa nguvu ndogo, na masafa yaleyale yatumike tena kipande cha mbali. Safi. Lakini gari linatembea. Likivuka kipande, maongezi yatakatika. Mwaka 1972 Amos Joel, naye wa Bell Labs, akapata hataza ya mtambo wa kuhamisha maongezi kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Chicago wakaanza biashara hiyo 1983.

Ukuta wa minara ukaanguka, ukabaki wa kampuni. Kwetu, Septemba 2006, Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ukivuka Namanga ulikuwa unapiga kwa bei ya wenyeji na kupokea bure. Mpaka wa nchi ulivukwa, lakini bado ndani ya kampuni moja. Google walithubutu zaidi: 2015 walileta Project Fi huko Marekani, simu ikajichagulia yenyewe kati ya Sprint, T-Mobile na Wi-Fi. Anayehamia Wi-Fi anamwachia mwenzake nafasi mnarani. Mwaka 2020 T-Mobile ikaimeza Sprint, uchaguzi ukapungua.

Na sisi? Sisi tuna laini mbili. Hii haishiki, unapiga kwa ile. Yaani kazi ya mtambo wa Joel tunaifanya kwa vidole, tena kwa kununua vocha mara mbili, na maongezi yakikatika yamekatika.

Masafa ni mali ya umma. Kampuni zimepewa leseni ya kuyatumia tu. Sasa kama mnara wa jirani una nafasi na wangu umejaa, kwa nini simu yangu isihamie huko yenyewe, wao wakahesabiana fedha baadaye? Ufundi upo tangu zamani. Kinachokosekana ni mapatano, na mapatano hayahitaji mhandisi.

Mnasemaje wenzangu?