Jicho la Angani na Mchanga Mzito wa Kivu

Anayetoka Beni kwenda Komanda hupita Eringeti katikati ya malori ya kakao na mbao, karibu na mpaka wa Ituri. Ikweta haiko mbali. Huikata barabara kuu upande wa kusini, kati ya Butembo na Lubero. Nani angedhani kwamba mstari huo, pamoja na mawe meusi yanayochimbwa Kivu, una nafasi katika historia ya kamera za vyombo vya angani?

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, kazi ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya protoni zinazoshuka karibu na dunia upande wa Atlantiki ya Kusini. Uhuru haikupiga picha, ilihesabu miale ya eksirei tu, lakini ilinufaika na kinga ya zamani kuliko zote: kutopita penye mvua, yaani mvua ya protoni.

Mwaka mmoja kabla, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, walikuwa wamebuni chipu ya CCD. Mwanga ukigonga silikoni hutoa elektroni, nazo hupokezwa pikseli kwa pikseli hadi ukingoni, kama ndoo za maji kwa watu waliojipanga kuzima moto. Protoni ikipiga, hung'oa atomu mahali pake, na kila ndoo ipitayo hapo humwaga kidogo.

Ndipo mawe yetu yanapoingia. Chombo cha angani Galileo, kilichorushwa 18 Oktoba 1989, kilikuwa kinakwenda Mshtarii, ambako mvua ya mionzi haina pa kukwepwa. Mafundi waliizungushia chipu ya kamera yake ya pikseli 800 kwa 800 ukuta wa tantali wenye unene wa milimita 10, wakaacha wazi pale tu mwanga unapoingilia. Tantali ni nzito kuliko risasi, na hutoka katika koltani. Sisemi ilitoka kwetu: madini yakishayeyushwa hayana cheti cha kuzaliwa. Lakini mwaka ule kampuni ya SOMINKI ilikuwa bado inachimba Kivu, na mtoto wa huku aliyewahi kubeba kiroba cha koltani anajua uzito huo kwa bega lake, si kwa kitabu.

Ukuta ulisaidia, haukumaliza. Baadhi ya picha za Galileo zilijaa vidoa vyeupe. Miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake wa maabara ya JPL walikuja na chipu ambayo kila pikseli ina kikuza ishara chake, kwa hiyo ule msururu mrefu wa ndoo haupo. Nayo ina maradhi yake mbele ya mionzi, ila hilo la kumwagika njiani iliepushwa nalo.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Juno, chombo kilichofika Mshtarii Julai 2016. Vifaa vyake nyeti vilifungiwa kwenye sanduku la titani, lakini kamera ya JunoCam ilibaki nje, imekusudiwa kustahimili mizunguko michache tu. Ilidumu zaidi ya 40 ndipo picha zikaanza kuharibika. Mwishoni mwa 2023, wiki chache kabla ya kupita karibu na mwezi Io, wahandisi waliwasha hita yake hadi mwisho, kama mhunzi anayerudisha chuma kilichokakamaa motoni, wakitumaini atomu zitarudi mahali pake. Picha za kwanza zilikuwa bado mbovu. Kisha zikaanza kusafika, na tarehe 30 Desemba Io ikaonekana, milima yake na yote.