Herufi, namba na gundi: mtu aliyezipanga kadi za Marekani

Mtajie mkusanyaji yeyote wa kadi za besiboli neno moja tu, T206, na hatahitaji maelezo. Atajua unazungumzia zile kadi ndogo za wachezaji zilizotiwa kwenye pakiti za sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. T ni tumbaku ya karne ya ishirini. 206 ni namba ya seti. Lakini kampuni yenyewe haikuandika T206 popote kwenye kadi hizo. Jina hilo lilikuja miaka mingi baadaye, na aliyelitoa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme katika mji wa Syracuse, jimbo la New York. Aliitwa Jefferson Burdick.

Besiboli haikuwa hata pendo lake kuu. Alikusanya kadi za ndege, za bendera, za wacheza maigizo, za matangazo ya sabuni, pamoja na postikadi. Karatasi ambayo wengine waliitupa pamoja na pakiti, yeye aliiweka.

Kadi zenyewe zilianza kwa shida ya kawaida kabisa. Pakiti za sigara za karne ya 19 zilikuwa za karatasi laini, na sigara zilivunjika mfukoni. Wenye viwanda wakatia kipande cha karatasi ngumu ndani, kisha wakagundua kwamba kipande hicho kikichapwa picha nzuri mteja atarudi kuitafuta nyingine. Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, walitoa mwaka 1887 seti ya mabingwa wa dunia yenye kadi 50, na wachezaji wa besiboli ndani yake walikuwa 10 tu. Mvutaji aliyejikusanyia kuponi za kutosha alipewa albamu, ila haikuwa ya kubandika kadi: picha za seti nzima zilikuwa zimeshachapwa humo. Uingereza walifuata njia nyingine. Kufikia miaka ya 1930 mtoto aliweza kununua kwa peni moja albamu yenye nafasi tupu, na kadi nyingine za John Player & Sons zikaja na gundi mgongoni, unailowesha tu na kuibandika. Vita vya Pili vya Dunia vilipoleta uhaba wa karatasi, mwaka 1940 kadi za sigara zilisimama.

Marekani, wakati huo, palikuwa na maelfu ya seti zisizo na mpangilio wowote. Nyingi hazikuwa na namba, nyingine hazikuwa hata na jina la kampuni. Watu wawili wakitaka kubadilishana kadi kwa barua, walilazimika kuelezana picha, rangi ya pambizo na maandishi ya nyuma, na bado wakapishana. Burdick alianza kuchapisha jarida dogo la wakusanyaji mwaka 1937, na mwaka 1939 akatoa orodha ambayo baadaye ilijulikana kama American Card Catalog. Orodha hiyo ilipokomaa, kila seti ilipata makao: N kwa tumbaku ya karne ya 19, T kwa tumbaku ya karne ya 20, E kwa peremende za zamani, R kwa peremende na jojo za wakati wake, D kwa wauza mikate. Wale mabingwa wa 1887 wakawa N28. Mpaka leo ni N28.

Mimi naona hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Kununua kadi ni suala la kuwa na fedha, na kuzirundika sandukuni hakumshindi mtu. Kukaa chini na kuamua kwamba karatasi hii inakwenda pamoja na ile, na kutoa sababu, kunadai kichwa kilichotulia na miaka mingi. Kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, iliyo ndani ya T206, Burdick aliithamini dola 50 wakati kadi nyingi zilikwenda kwa senti chache. Mwaka 2022 moja ya kadi hizo iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Inatafutwa hivyo kwa sababu kila mtu anaijua seti iliyomo, na pengo linalobaki asipokuwa nayo.

Mwaka 1947 Burdick alikwenda Metropolitan Museum of Art, New York, akitaka kuitoa hazina yake yote bure. A. Hyatt Mayor, aliyesimamia picha za chapa katika jumba hilo la makumbusho, alikubali, ila kwa sharti moja: mwenye kadi azipange mwenyewe. Hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeweza. Zilikuwa zaidi ya 300,000.

Burdick alikuwa mgonjwa. Baridi yabisi ilikuwa imemshika tangu miaka ya 1930, ikimkaza viungo mwaka baada ya mwaka. Kwa mikono hiyohiyo alichambua, akapanga kwa orodha yake na kubandika, ukurasa hadi ukurasa. Hatimaye aliacha kazi kiwandani akahamia jijini New York, akapewa meza katika pembe moja ya idara ya Mayor.

Alibandika kwa gundi. Ukimwambia hivyo mkusanyaji wa leo, atashika kichwa, maana nusu ya habari ya kadi iko mgongoni: namba, takwimu, jina la sigara. Kadi iliyobandikwa imefungwa mdomo upande mmoja.

Namwelewa Burdick, kwa kuwa sisi tuliokusanya picha za wanasoka zilizokuja na jojo tulifanya hivyohivyo kwa njia duni zaidi. Daftari la mistari, na uji wa ngano uliopoa, au punje za wali zilizopondwa kwa kidole. Masika yakifika kurasa zilivimba, na mende waliofuata uji walikula na goti la mshambuliaji. Hata hivyo picha zilizobandikwa zilidumu kuliko zile zilizobaki mfukoni mwa kaptula.

Dawa ya gundi ilikuja na plastiki, na kuja kwake kulitegemea kipimo. Mwaka 1957 kampuni ya Topps iliipunguza kadi yake ya besiboli hadi inchi 2.5 kwa 3.5, yaani kama sentimita 6.4 kwa 8.9, na wengi wakakifuata kipimo hicho. Panga kadi tatu upana na tatu urefu: tisa hizo zinaenea katika karatasi ya kawaida ya ofisi ya Marekani, na pembeni kunabaki nafasi ya matundu. Basi ukurasa wa vifuko tisa ukaweza kuingia kwenye faili la pete, chombo ambacho maofisi yalikijua tangu enzi za Friedrich Soennecken wa Bonn, mwaka 1886. Kadi inaonekana pande zote mbili. Usiyokuwa nayo unaiachia kifuko kitupu. Ukiipata unaichomeka bila kusumbua jirani zake.

Plastiki nayo ilikuwa na madhara yake. Kurasa za zamani za PVC laini hutoa kemikali kadiri miaka inavyokwenda, zikanata na kuharibu uso wa kadi, ndiyo maana siku hizi watu hutafuta za polipropilini. Pete za mviringo nazo huacha alama kwenye kadi zilizo karibu na mgongo wa faili. Zenye umbo la D huziacha kurasa zilale sawasawa.

Burdick hakuishi kuyaona hayo. Jioni ya tarehe 10 Januari 1963 alimaliza, akajikunja kwa shida kuingia katika koti lake, na kumwambia Mayor kwamba hatarudi tena. Kesho yake alilazwa hospitalini, akafariki tarehe 13 Machi. Albamu zake bado ziko pale New York, na kadi chache hutolewa kwa zamu kuonyeshwa ukutani, kisha hurudishwa gizani kabla mwanga haujazififisha rangi.