Jinsi mashabiki wa Detroit walivyouaga Tiger Stadium, uwanja mkongwe wa besiboli

MASHABIKI 43,356 walifurika Septemba 27, 1999, katika makutano ya barabara za Michigan na Trumbull jijini Detroit, Marekani, kuuaga uwanja wa besiboli wa Tiger Stadium uliokuwa umetumika kwa miaka 87.

Timu ya nyumbani, Detroit Tigers, haikuwa na matumaini yoyote ya ubingwa msimu huo. Hata hivyo, wazee walikuja na wajukuu wao, na wengi walibaki vitini muda mrefu baada ya mechi kumalizika, huku wakibubujikwa na machozi.

Kisa cha uwanja huo hakikukoma usiku huo. Kwa zaidi ya miaka 10 tangu taa zizimwe, mashabiki waliendelea kuupigania, kwanza majengo yake, na hatimaye ardhi tupu iliyosalia.

Asili ya uwanja

Besiboli ni binamu wa kriketi. Mrushaji huurusha mpira, naye mpigaji huupiga kwa gongo la mbao na kukimbia kupitia vituo vitatu hadi arejee alikoanzia, penye kibao cheupe cha raba. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa mbali, huzunguka vituo vyote pasi na kizuizi na kuhesabiwa bao.

Mchezo huo ulianza kuchezwa katika kona ya Michigan na Trumbull mnamo 1896, katika uwanja wa mbao. Mmiliki wa timu, Frank Navin, aliuvunja na kujenga mwingine wa zege na chuma, ambao ulifunguliwa Aprili 20, 1912, siku tano baada ya meli ya Titanic kuzama. Siku iyo hiyo ndipo ulipofunguliwa uwanja wa Fenway Park jijini Boston, ambao ungali unatumika hadi leo.

Uwanja wa Detroit uliitwa kwanza Navin Field. Mnamo 1938, baada ya kupanuliwa na kuzungukwa pande zote na vikao vya ghorofa mbili, ulibadilishwa jina ukawa Briggs Stadium, kwa heshima ya mmiliki aliyemrithi Navin. Jina la Tiger Stadium lilianza kutumika mwaka wa 1961.

Hapo ndipo Babe Ruth, nguli wa New York Yankees, alipovusha mpira ukutani kwa mara ya 700 katika maisha yake ya uchezaji, Julai 13, 1934. Hapo pia ndipo mwenzake Lou Gehrig alipoomba kupumzishwa Mei 2, 1939, baada ya kucheza mechi 2,130 mfululizo. Tayari maradhi ambayo yangemuua mwaka wa 1941 yalikuwa yamemdhoofisha.

Tigers walitwaa ubingwa wa Marekani mara nne walipokuwa wakiutumia uwanja huo: 1935, 1945, 1968 na 1984.

Historia yake ina doa pia. Klabu hiyo haikumchezesha mchezaji yeyote mweusi hadi 1958, miaka 11 baada ya Jackie Robinson kuvunja ubaguzi huo katika ligi kuu. Miaka michache baadaye alijiunga nayo Willie Horton, kijana mweusi aliyelelewa Detroit kwenyewe. Ghasia za Julai 1967 zilipozuka, Horton aliondoka uwanjani akiwa bado amevaa jezi, akasimama juu ya gari na kuwasihi vijana wa mtaa wake warejee makwao. Watu 43 waliuawa katika ghasia hizo.

Kwa nini ulipendwa

Anayeutazama uwanja huo katika picha huenda asione la kustaajabia. Ujumbe za kuukosoa hazikukosekana: njia za ndani zilikuwa finyu, na baadhi ya viti vilikuwa nyuma ya nguzo zilizomkinga mtazamaji.

Lakini nguzo hizo hizo ndizo zilizokuwa siri ya uzuri wake. Kwa kuwa zilisimama katikati ya vikao, ziliwezesha ghorofa ya juu kujengwa moja kwa moja juu ya ile ya chini na karibu kabisa na wachezaji. Upande wa kulia, ghorofa ya juu ilichomoza takriban mita tatu juu ya uwanja, hivi kwamba mpira ambao mdakaji alidhani angeudaka uliweza kutua mikononi mwa shabiki. Viwanja vya kisasa havina nguzo hizo, na kwa sababu hiyo ghorofa zake za juu husukumwa nyuma. Aliyelipa kiingilio cha chini Detroit alikaa karibu na mchezo kuliko wengi wanaolipa ghali kwingineko.

Kulikuwa na vituko vingine vilivyojulikana na kila mwenyeji. Ukuta wa katikati ulikuwa umbali wa futi 440, yaani mita 134. Mlingoti wa bendera wenye urefu wa futi 125 ulisimama ndani ya eneo la kuchezea, na mpira uliougonga ulihesabika kuwa bado unachezwa.

Mvutano wa miaka 12

Kuanzia miaka ya themanini, fununu zilienea kwamba klabu ilitaka uwanja mpya. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kibiashara hasa: uwanja ulikuwa mzee, maegesho ya magari yalikuwa haba, na haukuwa na vyumba vya kifahari vya kutosha ambavyo kampuni kubwa hukodi kwa bei ghali.

Mashabiki hawakukaa kitako. Mnamo 1987 waliunda chama cha kuutetea uwanja, na Aprili 20, 1988, siku ulipotimiza miaka 76, zaidi ya watu elfu moja walishikana mikono na kuuzunguka kana kwamba wanamkumbatia mzazi. Mnamo 1989 uwanja uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria. Aidha, wasanifu wawili waliokuwa mashabiki walichora mpango wa kuukarabati bila kuubomoa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hoja ya mashabiki ilikuwa iyo hiyo: waliuliza ni kwa nini jiji lililokuwa likipoteza viwanda na wakazi litumie fedha za umma kukijenga upya kitu ambacho tayari lilikuwa nacho. Katika kura ya 1992, wakazi waliunga mkono sheria ya kuzuia fedha za jiji kutumiwa kwa uwanja mpya. Mwaka huo huo klabu ilinunuliwa na mfanyabiashara Mike Ilitch, na mnamo 1996 kura nyingine iliibatilisha sheria hiyo. Uwanja mpya wa Comerica Park, uliogharimu takriban dola milioni 300, ukaanza kujengwa katikati mwa jiji.

Kuwekwa katika orodha ya kihistoria hakukuweza kuuokoa uwanja mkongwe. Nchini Marekani orodha hiyo ni heshima, na peke yake haimzuii mwenye mali kubomoa. Mwenye mali hapa alikuwa jiji lenyewe, lililoununua mwaka wa 1977 na kuukodisha kwa klabu.

Siku ya kuaga

Katika mechi ya mwisho dhidi ya Kansas City Royals, wachezaji wa Tigers walivaa nambari za magwiji waliowatangulia. Gabe Kapler alivaa jezi isiyokuwa na nambari, kwa heshima ya Ty Cobb, aliyecheza enzi ambapo jezi hazikuwa na nambari.

Robert Fick alivaa nambari 25 ya marehemu Norm Cash, ambaye enzi zake aliwahi kuupiga mpira ukatoka nje kabisa ya uwanja mara nne. Katika kipindi cha nane, wenzake watatu wakiwa tayari katika vituo, Fick aliupiga mpira ukagonga paa la upande wa kulia na kuiletea timu yake mabao manne kwa pigo moja. Tigers walishinda 8-2, na hakuna aliyevusha tena mpira ukutani katika mechi ya ligi kuu hapo.

Baada ya mechi, makumi ya wachezaji wa zamani waliingia wakiwa wamevaa jezi zao, kila mmoja akaenda kusimama mahali alipokuwa akicheza. Mark Fidrych, mrushaji aliyependwa mno katika miaka ya sabini, alipiga magoti na kuchota udongo akautia katika mfuko. Bendera iliteremshwa kutoka kwa ule mlingoti na kupitishwa mkono kwa mkono na wakongwe hao hadi ikamfikia mchezaji wa wakati huo, Brad Ausmus, ili aipeleke Comerica Park. Kibao cha raba nacho kiling'olewa na kuhamishwa. Mtangazaji Ernie Harwell, ambaye sauti yake ilikuwa imeandamana na timu hiyo tangu 1960, aliwaaga mashabiki, kisha taa zikazimwa.

Baada ya taa kuzimwa

Comerica Park ilifunguliwa Aprili 2000. Uwanja mkongwe ulisimama mtupu kwa karibu miaka tisa huku mipango ya kuutumia ikibuniwa na kusambaratika. Ubomoaji ulianza mwishoni mwa Juni 2008, na sehemu ya mwisho, iliyokuwa imeachwa kwa muda watetezi wakitafuta fedha, ilivunjwa Septemba 2009.

Palisalia uwanja uliojaa magugu, na ule mlingoti wa bendera. Kuanzia 2010, kundi la mashabiki lilianza kuingia humo na mashine za kukata nyasi walizozinunua wenyewe. Hawakuwa na kibali, na mara kadhaa polisi waliwafukuza, lakini walirudi. Walifyeka, wakasawazisha kilima cha mrushaji na kuchora upya mistari. Watoto wakaanza kucheza pale alipocheza Cobb.

Mnamo 2018, shirika linaloendesha michezo ya vijana wa Detroit lilifungua hapo uwanja mdogo, na sehemu ya kuchezea ikapewa jina la Willie Horton. Kilichowaudhi baadhi ya waliotunza nyasi kwa miaka yote hiyo ni kwamba nafasi yake ilichukuliwa na zulia bandia.

Miji mingine imepitia majonzi kama hayo. Brooklyn, New York, iliipoteza Ebbets Field timu yake ilipohamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Mnamo 2008 New York iliaga viwanja viwili, Yankee Stadium ya zamani na Shea Stadium, na Septemba 26, 2024, ikawa zamu ya mashabiki wa Oakland, ambao timu yao iliihama Coliseum.

Detroit inatofautiana na hiyo kwa jambo moja: mpira bado unachezwa katika kona ile ile ulikoanza kuchezwa mwaka wa 1896, na mlingoti ungali wima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.