Redio juu ya kompyuta: historia fupi ya kunusa kelele za umeme

Wadau, wiki iliyopita redio ya mzee nyumbani ilianza kukoroma. Kila ikifika saa moja jioni, masafa mafupi yote yanajaa mlio kama wa nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mzee akasema ni betri. Tukabadilisha betri. Akasema ni mvua, na mvua yenyewe haipo. Mwishowe nikachukua kiredio changu kidogo, nikakisogeza karibu na kila kilichochomekwa ukutani. Friji kimya. Televisheni, mkoromo kidogo. Nilipofika kwenye chaja ya simu ya mdogo wangu, ile ya kununua juu kwa juu barabarani, kiredio kikapiga kelele mpaka paka akakimbia. Tukachomoa. Nyuki wakahama.

Nikajiona mgunduzi. Rafiki yangu ambaye ni fundi akanicheka: wahandisi wanafanya hivyo kila siku, ila wao hutumia kitanzi kidogo cha waya kilichounganishwa na mashine inayoonyesha nguvu ya kila masafa. Wanakipitisha juu ya saketi, sentimita moja au mbili tu, hadi wampate mwenye kelele. Nikarudi nyumbani kusoma habari za hicho kitanzi. Kumbe ni kikubwa kwa umri kuliko redio yenyewe.

Twende Karlsruhe, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1880. Heinrich Hertz (ndiye yule ambaye jina lake limo kwenye "MHz" ya redio yako) anarusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba. Mkononi ana duara la waya wa shaba, nusu kipenyo chake sentimita 35, lenye mwanya mdogo sana. Hakuna betri wala waya unaoligusa. Giza likishakuwa la kutosha anaona kwenye ule mwanya kicheche kidogo, kisichofika hata milimita moja. Umeme umevuka hewani.

Lakini kilichonivutia zaidi ni jinsi alivyolitumia lile duara. Alilisogeza huku na kule, akaligeuza, akaandika ni wapi cheche inakua na ni wapi inakufa. Mahali na mwelekeo. Mtu anayetafuta kelele kwenye bodi ya kompyuta leo anafanya hayo hayo. Hertz alifariki Januari 1, 1894, akiwa na miaka 36 tu, kabla dunia haijapata redio ya kusikiliza.

Redio zilipoingia majumbani, kila mota na kila tramu ikawa adui wa msikilizaji. Mwaka 1933 nchi kadhaa zikakubaliana mjini Paris kuunda kamati ya kimataifa ya kushughulikia usumbufu huo, CISPR, na mwaka uliofuata ikakaa kikao chake cha kwanza. Hiyo ni hadithi ya mikutano na majedwali, naipita. Utamu uko California.

Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilitangaza Altair 8800, kompyuta ya kujiungia mwenyewe. Haina kioo wala kibodi, kumbukumbu yake ni baiti 256. Unaiandikia programu kwa kupandisha na kushusha swichi, inakujibu kwa vitaa. Kijana mmoja, Steve Dompier, alikuwa akiichezea huku redio yake iko jirani. Akaona redio inalia kila programu inapotembea, na programu tofauti zina milio tofauti. Mtu mwingine angeihamisha redio. Yeye akakaa kutafuta ni maagizo gani yanatoa sauti gani.

Aprili 1975, kwenye mkutano wa Homebrew Computer Club huko Menlo Park, akaingiza namba zake moja moja kwa swichi. Inasimuliwa kwamba alipokaribia kumaliza, watoto wakajikwaa kwenye waya wa umeme, kila kitu kikafutika, akaanza upya. Kisha akaweka redio juu ya Altair. Mashine ambayo haikuwa na spika ikapiga "The Fool on the Hill" ya Beatles. Watu wakapiga makofi, ikaongeza "Daisy".

Hebu fikiria: kelele ambazo mafundi walikuwa wakizilaani zikawa kinanda. Na ile redio juu ya sanduku, bila mtu kuiita hivyo, ilikuwa kitanzi cha Hertz kimerudi. Antena ya ndani ya redio ya masafa ya kati si chochote ila waya uliozungushwa kwenye kijiti cha feraiti.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1977 ikatoka TRS-80, kompyuta kamili iliyouzwa madukani Marekani kwa dola 599.95. Baadhi ya waliotunga michezo yake walimwambia mchezaji aweke redio pembeni ili apate sauti. Tatizo ni kwamba jirani aliyekuwa akiangalia televisheni naye alizipata, bila kuomba. Sanduku la TRS-80 lilikuwa la plastiki, lisilozuia kitu. Ndani, saa ya kompyuta inagonga mara milioni kadhaa kwa sekunde, na kwa kuwa kila mgongo una ncha kali, unazaa masafa mengine ya juu zaidi, mpaka kwenye chaneli za televisheni.

Mwaka 1979 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapitisha kanuni. Kompyuta ya nyumbani, ikipimwa kutoka mita 3, isizidi maikrovolti 100 kwa mita kati ya megahezi 30 na 88. TRS-80 ya kwanza haikuweza. Mapema 1981 ikaondolewa sokoni, ingawa ilikuwa miongoni mwa kompyuta zilizouzwa sana wakati ule. Nawahurumia walioipenda, lakini sioni FCC ingefanya nini tofauti. Mawimbi ya hewani ni ya wote, hata ya asiye na kompyuta.

Hapo ndipo kitanzi kilipopata kazi rasmi. Kipimo cha mita 3 kinakwambia umefeli, hakikwambii ni nini kilichokufelisha. Inabidi usogee. Miaka ya 1980 Hewlett-Packard ikawa inauza kitanzi chake, 11940A, cha megahezi 30 hadi 1,000. Wengi walijitengenezea kwa waya wa antena: unapinda ncha yake kuwa duara, unaacha mwanya mdogo kwenye ganda la nje, ili kinase sumaku na kupuuza uga wa umeme. Kitanzi kikubwa husikia kwa mbali lakini hakionyeshi mahali hasa, kidogo ni kinyume chake. Kwa hiyo unaanza na kikubwa, unamalizia na kidogo.

Ila kitanzi kinaweza kukudanganya. Sehemu inayopiga kelele sana kwa karibu si lazima ndiyo inayofika kwa jirani. Mara nyingi mkosaji ni kebo inayotoka nje, maana yenyewe ni antena. Kebo ya mita moja ikibeba maikroampea 5 kwa megahezi 50, inatosha kuvuka kikomo kile cha FCC. Maikroampea 5! Taa ndogo ya LED inakula maelfu ya mara zaidi.

Hilo lilinirudisha kwenye chaja ya mdogo wangu. Nikaichomeka tena, safari hii nikapitisha kiredio kwenye waya wake wote. Kelele haikuishia kwenye chaja, ilifuata waya mpaka kwenye simu. Nikaikunja ile waya ikawa fupi, mkoromo ukapungua. Mzee alikuwa mlangoni ananitazama. Akaniuliza kama sasa anaweza kusikiliza taarifa ya habari, au nimhamishie redio chini ya mwembe.